Katambuga ya Kushoto

Baba yangu aligonga kichwa mwezi wa kwanza, siku ambayo hakuna mtu aliyeona sababu ya kuikumbuka. Alikuwa anatoka kwenye banda la mbuzi ameinama, ndoo ya samadi mkononi, akainuka kabla hajaumaliza mlango. Boriti ya mlango ule ni gogo la mkaratusi alilolipachika mwenyewe. Nilisikia "ko!" nikiwa jikoni, nikacheka. Na yeye akacheka, akasema gogo hilo halina adabu, linampiga aliyelileta nyumbani. Hakutoka damu, hakuota nundu. Akaenda kumwaga samadi yake kwenye njegere, na mimi nikaendelea kuchambua mchicha.

Sasa ni mwezi wa nane, naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali Dar es Salaam, na nimechoka. Nasema mapema ili asije mtu akamtafuta humu binti mwema. Jina langu ni Esther. Nimekaa na baba miaka sita tangu mama afariki, na katika miaka hiyo sita nimekuwa mwema kama miwili hivi, tena si ya mfululizo.

Baba anaitwa Fidelis. Alizaliwa Tegetero, nyuma ya mlima, kijiji cha misheni, akaimba sauti ya nne kwenye kwaya mpaka alipofika miaka ishirini na mitano. Kisha akaja upande huu wa juu ya Bigwa kumwoa mama yangu, Rosa. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, wenyewe tunasema lukolo, na mwanamume akioa anakuja kuishi kama mgeni asiyeondoka. Analima, anajenga, anazaa, lakini shamba si lake na watoto wanahesabiwa upande wa mama yao. Wa ukoo wake ni watoto wa dada yake. Baba aliyajua hayo yote, na bado alichonga matuta kumi na tisa kwenye mteremko wa watu wengine, moja juu ya jingine kama ngazi, kwa jembe na kamba, mpaka maji ya masika yakajifunza kuteremka polepole. Kabichi na njegere za kwenye matuta yale zimenisomesha mimi hadi darasa la saba na zikaniozesha kwa harusi ya kujivunia. Njegere zake zilikuwa na wateja wao mjini, wanaozisubiri kwa jina.

Mama alipofariki, wajomba zangu walingoja msiba upoe, halafu wakaanza kumwuliza baba, kwa adabu ya kutisha, kama kwao Tegetero hawajambo. Mgane hurudi kwao, ndiyo desturi. Baba akawajibu hawajambo, wanawasalimu, akachukua jembe akaenda shambani. Wakaja kwangu. Nikawaambia anakaa nyumbani kwangu, na lukolo ni yangu kama ilivyo yao, kama hawataki wakaniseme kwa mama kaburini. Waliondoka wakinung'unika. Nilijiona jasiri sana siku ile, sikujua nimejitwika nini.

Mwezi wa tatu kichwa kikaanza kumuuma, asubuhi hasa. Nikamnunulia aspirini kwenye duka la dawa pale Bigwa, akawa anameza kila siku kabla ya uji. Halafu akaacha jembe shambani. Asiyemjua baba hataelewa uzito wa jambo hilo. Yule ni mtu aliyekuwa analiosha jembe lake na kulikausha kwa nyasi kabla hajanawa yeye. Nikalileta mimi. Kesho yake akaniita Rosa. Wiki iliyofuata akawa anasinzia na tonge mkononi. Akaanza kukojoa kitandani, na masika yakawa yameanza, shuka hazikauki. Kila asubuhi nilikuwa mtoni nafua, maji ya mlimani yanakata vidole, na nikirudi nakuta amemwaga uji. Mume wangu ni mlinzi Mzumbe, anakuja mara mbili kwa mwezi, anakula, analala, anasema pole. Pole zake nilizichukia kuliko shuka.

Na kila mchana, kama saa tisa, baba alikuwa anavaa kofia yake anasimama kwenye njia.

"Nirudisheni kwetu," anasema.

"Kwenu wapi, baba?"

"Kwetu."

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea wote kwa pamoja. Mwanamume wa kwetu akihisi siku zake zimekwisha, hurudi kwa watu wa mama yake, afie kwao na azikwe nao. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini na mbili aliyekuwa anasahau na kusinzia alipoanza kuomba kurudishwa kwao, hakuna aliyesema anaumwa. Walisema anaitwa. Wajomba zangu walikuja kumtazama wakavua kofia. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja kusali. Hata mimi niliyekuwa namgeuza kitandani sikulitaja neno ugonjwa. Nilipiga simu kwa Paulo.

Paulo ni mtoto wa dada yake baba, kwa desturi yetu ndiye mwenye baba kuliko mimi. Anaendesha bodaboda pale Bigwa, ila nyumba yake iko Tegetero. Nikamwambia, "Kaka Paulo, mjomba wako anataka nyumbani. Njooni mumchukue." Akasema watamtandikia kitanda, atakuja Jumanne. Nilipokata simu nikakaa kwenye kigoda, nikasikia mgongo unalegea. Nilifurahi. Ningeweza kuandika kwamba niliumia, na niliumia kweli, lakini baadaye. Kwanza nilifurahi kwamba kuanzia Jumatano nitalala mpaka jua litoke.

Jambo la mguu hakuna aliyeliona, na si kwamba hatuna macho. Kwetu hakuna tambarare. Ukitembea, mguu mmoja uko juu, mwingine uko chini, na ukigeuka ndiyo inabadilishana. Kila mzee anachechemea, na hata kijana aliyebeba mkungu wa ndizi anachechemea. Udongo wa masika nao ni uji mtupu, unameza sauti ya kila kiatu. Baba alivaa katambuga za tairi, zile nzito, na alitembea mbele yangu mwezi mzima nisisikie kitu.

Jumanne Paulo alikuja. Katika ukoo wetu mzee akirudishwa kwao hatoki mikono mitupu. Waliokaa naye humpa blanketi jipya na mkeka, kwao wasije wakasema amefukuzwa. Tukashuka naye taratibu mpaka Bigwa, tukaenda mjini kununua. Hakuna mtu wa kumwachia, ndiyo maana tulikwenda naye. Nilimpeleka dukani kwa Mama Rubab, karibu na soko, kwa kuwa ana mablanketi mazito na kwa kuwa baba alimpelekea njegere kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mama Rubab alikuwa ametupa mgongo, anavuta blanketi kwenye rafu ya juu. Duka lake lina sakafu ya saruji, nyekundu, inang'aa. Tukaingia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nani huyo anaburuza mguu?"

"Hakuna anayeburuza, mama. Ni baba tu."

Akageuka. "Mzee Fidelis? Siku hizi njegere zangu unampa nani?" Baba akamtazama kama anatazama ukuta. Mama Rubab akateremka kwenye stuli yake. "Mwanangu, mrudishe mlangoni aje tena."

Nikamrudisha, nikiwa nimeshaanza kukasirika. Akaja. Na hapo, kwenye saruji, nilisikia. Katambuga ya kulia ilisema "ta." Ya kushoto ilisema "kwaruu." Ta, kwaruu. Ta, kwaruu. Mama Rubab akaomba avuliwe. Ya kulia ilikuwa imelika kisigino kama viatu vyote vya mlimani. Ya kushoto ilikuwa imelika ncha, kwenye kidole gumba, mpaka nyuzi za tairi zikatokeza.

"Aligonga kichwa lini?" akauliza. Hakuuliza kama aligonga.

"Hajagonga," nikasema. Halafu nikaisikia ile "ko!" ya banda la mbuzi, na kicheko changu juu yake. "Mwezi wa kwanza. Lakini haikuwa kitu, mama, hata nundu hakuota."

Mama Rubab akatuambia habari za baba mkwe wake. Aliteleza bafuni, akainuka mwenyewe, akanywa chai. Baada ya wiki sita akawa hawatambui wajukuu. Wakasema ni uzee, wakamlisha kwa kijiko, wakamsomea dua, wakaita ndugu kutoka mbali waje kumuaga. Daktari alipoagiza picha ya kichwa walikuta damu, na alikuwa ameshapoteza fahamu. "Tulimuaga mtu anayetibika," akasema. "Blanketi chukua, litamfaa wodini. Nendeni mkampige picha leo."

Nilimchukia mama yule. Nilikuwa nimebakiza siku moja. Paulo alisimama pale na funguo za pikipiki, akasema taratibu kwamba mjomba mwenyewe ameomba nyumbani, kitanda kimeshatandikwa, na kwamba hospitali wanaweza wakamchosha mzee bure. Alisema kwa nia njema, na kila neno lake nilikuwa nalitaka liwe kweli. Ningeitikia tu, jioni ile baba angekuwa Tegetero. Nilikuwa bado nimeishika ile katambuga ya kushoto. Nikampa Paulo aishike na yeye.

Akaipitishia kidole pale kwenye nyuzi. "Basi leo picha," akasema. "Tegetero haihami."

Picha ilipigwa, na siku ya pili tukawa Dar es Salaam. Habari za gharama siandiki, kila aliyeuguza anazijua. Daktari aliyetupokea anaitwa Luqmani, mtu mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, nikampenda kwa sababu hiyo tu. Aliiweka picha kwenye mwanga akanionyesha. Pembeni ya ubongo, upande wa kulia, kulikuwa na kitu cha umbo la mwezi mchanga, na ubongo umesogezwa kushoto kama mtu aliyenyimwa nafasi kitandani.

"Hiyo ni damu ya lile gogo?" nikauliza.

"Ya gogo ilikuwa kidogo, mama. Labda kijiko. Hii nyingine imeletwa na mwili wake."

Sikumwelewa, akavuta kiti. Akaniuliza kama nimewahi kuchomwa na mwiba kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikawa na joto. Nikamwambia mimi ni mkulima. Akasema ule uvimbe na lile joto huitwa mchochota. Si mwiba unaoleta, ni mwili, umetuma walinzi wake kuja kusafisha. Kwenye kidole wanafanya kazi yao siku tatu nne, wanaondoka. "Sasa kwa mzee walifika wakakuta damu imekaa mahali pasipo pake, kati ya ubongo na ngozi inayoufunika. Wakashindwa kuimaliza. Wakaizungushia utando. Utando unataka chakula, kwa hiyo mwili ukaujengea vimishipa vipya, vya haraka haraka, laini, vinavuja. Vikivuja, damu inaongezeka. Damu ikiongezeka, mchochota unaitwa tena, unakuja na nguvu zaidi, utando unanenepa, vimishipa vinaongezeka. Miezi mitatu ni hivyo hivyo. Kelele zote hizo hazisikiki nje."

"Kwa hiyo anaumwa kwa kutaka kupona?"

"Ndiyo. Mwili unatibu kitu kidogo mpaka kinakuwa kikubwa."

Nikamwambia hilo nalijua. Wajomba zangu wana ugomvi wa mpaka tangu mimi ni mtoto, mgomba mmoja tu ulioangukia upande wa pili. Kila anayekuja kuusuluhisha anaacha ugomvi mwingine, na sasa kuna ndugu hawazikani. Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. Halafu akaniuliza dawa alizokuwa anakunywa, nikamtajia aspirini, akaacha kucheka. Akasema aspirini inaizuia damu kuganda. Haikuanzisha jambo, ila haikusaidia. Alisema kwa upole. Upole wake haukunifikia, nilikuwa nahesabu asubuhi zote nilizomsimamia ameze.

Walimtoboa fuvu matundu mawili, asubuhi, nikiwa kwenye benchi kama hili. Kilichotoka, daktari aliniambia, kilikuwa cheusi na chepesi kama mafuta machafu ya pikipiki. Siku ya tatu nilikuwa namfuta uso, akafungua macho akanitazama vizuri, kwa muda.

"Esther," akasema. "Njegere zimevunwa?"

Wiki tano sikuwa nimesikia jina langu kinywani mwake. Nilitoka nje ya wodi, nikalia nimeshika bomba la maji, mpaka mama mmoja akaniuliza nani amefariki.

Kabla hatujaruhusiwa Dokta Luqmani alinikalisha tena. Damu imetoka, akasema, lakini utando haujatoka wote, na mchochota unaweza ukawa bado unafukuta mle ndani. Katika wazee kumi, mmoja au wawili hurudi. Nikamwuliza kama hakuna dawa ya kuuzima. Akasema zipo dawa za kutuliza mchochota, na wataalamu bado wanazichunguza, nani zinamsaidia na nani zinamdhuru. Kwa baba, ambaye walipompima walimkuta na sukari, zile kali anaogopa zitamletea balaa jingine. Hampi. Aspirini marufuku.

"Mimi nifanye nini basi?"

"Usikilize mguu," akasema. "Ukisikia unaburuza, usingoje kesho."

Tukarudi mlimani mwezi wa tano mwishoni. Baba alikuwa amekonda, ana makovu mawili kichwani, na akili yake yote. Alikwenda moja kwa moja kutazama matuta, akakuta la saba limebomoka, akanitukana kidogo, nikafurahi. Aliliona na blanketi kitandani kwake.

"Hili la nini?"

"La hospitali," nikasema.

Akalikunjua, akalitazama upana wake, akalikunja tena. Ni mtu wa desturi, analijua blanketi la namna ile. 

Sasa nisikilizeje mguu kwenye udongo? Nilimwambia Paulo, na Paulo, ambaye kitanda cha mjomba wake kilikuwa bado kimetandikwa Tegetero, alibeba mfuko wa saruji begani kutoka pikipiki zinapoishia hadi kwangu, mwendo wa saa nzima kupanda. Mchanga tukautoa mtoni. Akamwaga kipande mbele ya nyumba, hatua saba kwa urefu, akakisawazisha kwa ubao. Wajomba zangu walikuja kukiona, wakasema Esther amemjengea baba yake uwanja wa gwaride. Nikawaambia wavue viatu kabla hawajakanyaga.

Kila asubuhi, kabla ya uji, baba alivaa katambuga zake akatembea hatua saba kwenda na saba kurudi. Mimi niko jikoni, moto nimeuacha, nimesimamisha mwiko. Ta, ta, ta, ta. Akimaliza anaita, "Askari amepita!" Naendelea kukoroga. Mwezi wa sita wote hivyo, wa saba wote hivyo. Nilirudia kulala vizuri. Hata mume wangu alisema nimenenepa, na safari hii sikumjibu vibaya.

Siku moja mwezi wa saba tulikuwa tunamenya njegere, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye mkeka.

"Nilipokuwa mgonjwa," akasema, "nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unataka tukurudishe kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Si Tegetero?"

Akacheka. "Tegetero nimeondoka miaka arobaini na saba, Esther. Hata njia ya kisimani siijui tena."

"Basi ulikuwa unataka wapi?"

Akamenya ganda moja, la pili. "Sikumbuki vizuri. Vitu vyote vilikuwa vinapotea, hata sura yako. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanifikia. Nilikuwa nasikia mtu anashusha pumzi. Kila nikigeuzwa, kila shuka ikitolewa, mtu anashusha pumzi, hivi." Akanionyesha, akaishusha pumzi yangu, ile ile, ndefu, ya puani. "Nikaona huyu mtu amechoka. Nikawa natafuta pa kwenda."

 Njegere zilikuwa nyingi, nikaendelea kumenya. Na yeye akaendelea. Mpaka jana sikuwa nimemjibu, na nilikuwa natafuta jibu kila siku.

Wiki hii asubuhi zilikuwa kimya. Jumapili tulikwenda kanisani, Jumatatu nilikuwa na wageni, Jumanne nikasimamisha mwiko kama kawaida, sikusikia kitu, halafu "Askari amepita!" Nikasema moyoni, mzee amekuwa mwepesi. Jumatano hivyo hivyo. Nilifurahi, namshukuru Mungu nakoroga uji. Alhamisi, ambayo ni jana, nilikuwa nimeshaupakua ndipo nikajiuliza: kama haburuzi, ile "ta" nayo imekwenda wapi?

Nikatoka na kikombe mkononi. Baba alikuwa kwenye saruji, hatua ya tano, peku. Mwezi wa nane mlimani kwetu umande unauma kama barafu, na yeye yuko peku.

"Viatu viko wapi, baba?"

"Miguu ina joto."

Niliingia ndani kutafuta. Nilizikuta chini ya godoro, zimeviringishwa ndani ya lile blanketi. Ya kushoto ilikuwa imelika zaidi pale kwenye ncha. Nikatoka nazo, nikapiga magoti kwenye saruji, nikamvalisha. Alishika ukuta.

"Esther, acha."

"Tembea."

"Kabichi zinatolewa wiki ijayo. Ngoja zitoke."

"Baba, tembea."

Akatembea. Ta, kwaruu. Ta, kwaruu. Akasimama kwenye hatua ya tatu, akanigeukia kama mtoto aliyevunja chungu.

"Tangu lini?"

"Jumapili. Ulikuwa umeanza kulala, mwanangu."

Ilinijia hasira kwanza, nilitaka kumrushia kikombe. Halafu ule uchovu wote wa masika ukarudi mara moja, shuka, mto, benchi, ukanikaa mgongoni, nikasikia pumzi inapanda. Nikaizuia. Niliibana kifuani mpaka ikauma, nikakaza na midomo, isitoke, isitoke mbele yake. Yeye alikuwa ananitazama kifua.

"Ishushe tu," akasema. "Nimeshaizoea."

Nikaishusha. Nililia pia, lakini muda wa kulia ulikuwa mfupi, nikampigia Paulo.

Kushuka kwa mguu ule kusingewezekana. Paulo alikata miti miwili, tukafunga blanketi pembe nne, machela ya kwetu, tukamlaza humo. Mjomba wangu mmoja, mzee mzima, mwenye ugomvi wa mgomba, alishika pamoja na Paulo upande wa mbele. Mimi na jirani tukashika nyuma, kichwani. Nilimwona mjomba akilitambua blanketi. Hakuna aliyesema tunampeleka wapi. Tulipofika Bigwa, pale barabara zinapoachana, moja kwenda Kinole na Tegetero, nyingine kwenda mjini, mjomba akapunguza mwendo, akageuka kunitazama. Nikawaambia twendeni mjini, na wote wakageuka.

Njiani kabla ya hapo, kwenye mteremko mkali, bega langu lilikuwa linawaka na nilikuwa nahema juu ya uso wa baba. Alikuwa macho, ananisikiliza.

"Umechoka," akasema.

"Nimechoka, baba. Nimechoka sana. Tulia usituyumbishe."

Akatulia. Akafumba macho, akawa ana uso wa mtu aliyepewa jibu.

Usiku tulikuwa Dar es Salaam, na wamemwingiza chumba cha upasuaji saa nne asubuhi hii. Dokta Luqmani amesema tumewahi, si kama mara ya kwanza, na hajaahidi zaidi ya hapo. Fundi viatu anayekaa nje ya geti amezitamani katambuga zilizoko mapajani mwangu, anasema ile ya kushoto ataiwekea kipande cha tairi mbele, itakuwa nzima, wala haitasikika. Nimemwambia aiache hivyo hivyo.